Siku Kuku wa Mama Kapinga Alipotaga

Watu wa kambi walisema Mama Kapinga ana maringo, na hawakumsingizia. Maringo alikuwa nayo, ya kujaza gunia na mengine yakabaki. Akipita kwenda dukani ungedhani kuna sinia kichwani mwake lenye kitu cha kumwagika. Kitenge chake kilikuwa na mikunjo ya pasi hata siku ya kufua. Ukimsalimu hovyo hakuitikii. Ukimsalimu vizuri anakuuliza habari za nyumbani mpaka za shemeji aliye Dilolo. Lakini tuseme yote, tusiseme nusu: maringo yale aliyafanyia kazi.

Alizaliwa papa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi, mtoto wa nne wa mzee ambaye Kampuni ya machimbo ilimleta kutoka Kasai zamani za Wabelgiji. Kasai yenyewe Kapinga hakuwahi kuiona hata siku moja. Baba yake alizikwa hapa, mama yake akazikwa hapa, na yeye alipofika miaka ishirini akachukuliwa kufundisha katika fuaye, ile nyumba ya Kampuni ambamo wake za wafanyakazi walijifunza kushona, kufuma na kuoka. Alifundisha miaka ishirini na tano. Nusu ya wanawake wa kambi walijifunza keki kwake, na nusu ya watoto wao walibatizwa wamevaa kofia alizozifuma yeye kwa mkono wake.

Siku moja, mke wa mhandisi mkubwa alionja keki ya sikukuu pale fuaye, akasema haiwezekani keki hii imetoka jiko la kambi, lazima wameinunua mjini. Kapinga alifunga aproni, akavunja mayai kumi mbele ya yule mama, akapiga, akaoka, akamkatia kipande kikiwa bado kinafuka. Akamwambia, "Madame, sasa na weye jaribu kwako." Kambi ilicheka wiki mbili nzima.

Sasa hayo mayai. Mayai yote aliyoyavunja Kapinga maishani mwake yalikuja kwenye treyi kutoka shamba la Kampuni, meupe, yamepangwa, kila Jumatatu, pamoja na unga na samaki wa posho. Alijua yai la kuchemsha, la kukaanga, la kupigwa mpaka linasimama lenyewe bakulini. Kuku anayelitoa hakumjua. Na si yeye peke yake. Watoto wa kambi wa rika lake wote walikuwa hivyo. Kampuni iliwapa nyumba, taa, daktari, na king'ora cha kuwaamsha asubuhi. Nani ahangaike na kuku? Kufuga ni mambo ya watu wa kijijini, walisema, na pua wakaikunja.

Haya, mambo yakaharibika. Mashine zikaanza kusimama moja moja. Posho ikachelewa, ikapungua, halafu ikakatika kabisa. Fuaye ikakosa uzi, ikakosa unga, mwisho ikafungwa kwa kufuli, na Kapinga akarudi nyumbani na sindano zake kwenye mfuko. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Na kama vile njaa haikutosha, maneno mengine yakaanza kwenye redio na kwenye mikutano: kwamba watu wa Kasai wamekula vya kutosha, warudi kwao. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Watu waliozaliwa hapa, waliosoma hapa, wadudu!

Jirani wa Kapinga aliitwa Blandine, mke wa Mukalay. Huyo alikuwa mtu wa Katanga ya kaskazini, aliyeletwa kambini akiwa bibi harusi, mikono bado ina sugu za jembe. Siku ya kwanza Kapinga alimwona anachota maji pekupeku, akambetulia mdomo. Siku ya pili alimkuta analia kwa sababu hajui kuwasha jiko la umeme, akamwonyesha. Ikawa hivyo miaka kumi na minane. Mmoja hakuweza kushika sindano bila kujichoma, mwingine hakuweza kushika jembe bila kuotwa na malengelenge, na katikati ya viwanja vyao, vile tunavyoviita lupango, ua ulitoboka njia kwa kupitwa. Walichekana kila siku ya Mungu na walipendana sana.

Posho ilipokatika, Blandine alikuwa na kuku. Alikuwa nao siku zote, wa kienyeji, mbegu aliyoletewa na shangazi yake wa Mutshatsha. Siku moja ya mwezi wa kumi alipita kwenye ule mwanya wa ua na kifaranga kikubwa kidogo kwapani, cha kike, cha rangi ya udongo mwekundu.

"Ii njo yako," akasema. "Lakini sikiliza, kwetu iko na sheria."

Na sheria ya kwao Blandine ni hii. Ukipewa kuku wa kike, kuku huyo ni wa nyumba mbili mpaka siku atakapotaga. Yai la kwanza halilwi. Unalichukua, unampelekea aliyekupa, kwa mlango wa mbele, si wa nyuma. Akilipokea na akataja jina lako kwa sauti, basi, kuku ni wako, wa kwako mwenyewe, na hakuna mtu wa kusema tena. Kumrudisha kuku mwenyewe akiwa hai ni tusi. Ni kusema undugu wako siutaki. Naye akifa kabla ya kutaga, mambo yanabaki yananing'inia hivyo hivyo.

"Na ukikataa kutaja jina?" Kapinga akauliza.

"Ah! Nitakataa ju ya nini?" Blandine akacheka mpaka akashika ukuta.

Kapinga akampa kuku jina la Mamzeli, kwa sababu hajawa mama bado. Akamfuga kama alivyokuwa akifundisha fuaye, kwa usafi wa kutisha. Banda alilifagia kutwa mara mbili. Pumba alizipepeta. Mchwa wakiruka baada ya mvua aliwakusanya kwenye sufuria na kumpa Mamzeli mmoja mmoja, akimwambia asile kwa pupa. Majirani walimcheka, monitrisi wa fuaye, mwalimu mzima, anamtia kuku adabu! Yeye hakujali. Alimwona anavyonenepa na manyoya yanavyong'aa, akajisikia vizuri kuliko siku nyingi zilizopita, maana kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu kinachokua ambacho hakikutoka kwenye treyi ya mtu.

Baada ya mwaka mpya mambo yakawa makali. Tshilombo, mume wa Kapinga, fundi wa umeme wa pampu, mtu mpole asiyejua kugomba hata na nzi, aliambiwa langoni asirudi tena kazini. Familia moja baada ya nyingine ikaanza kushuka stesheni na masanduku, kulala huko chini ya maturubai wakingoja gari-moshi la kwenda Kasai. Nyumbani kwa Blandine akahamia shemeji yake, Louis, mdogo wake Mukalay, mwanaume wa miaka ishirini na mitatu asiye na kazi. Louis alikaa kutwa kwenye daraja dogo la mtaro, pale kona, na wenziwe, wakiangalia nani anaondoka na nani bado. Nyumba ya Kapinga alikuwa ameshajigawia. Hakuficha. Alipita hata kupima dirisha.

Siku moja Kapinga aliamka akakuta ule mwanya wa ua umezibwa kwa bati na misumari. Louis aliupigilia. Na tangu siku ile Blandine hakumsemesha. Akitoka kuanika nguo anatazama kamba tu. Kapinga akikohoa, yule anaingia ndani. Mukalay alikuwa amemkataza mkewe, kila mtu alijua. Jirani aliyezungumza na mtu wa Kasai alipigwa mawe kwenye bati la nyumba yake. Kapinga naye alijua. Lakini kujua hakuondoi uchungu. Wiki tatu! Miaka kumi na minane, halafu bati.

Mwezi wa tatu Tshilombo akasema basi. Binti zao watatu, Mbelu, ambaye kwa jina lake Tshilombo aliitwa Tata Mbelu, na wadogo zake, walikuwa tayari stesheni na shangazi yao, wanalinda nafasi. Gari-moshi lilisemekana litaondoka Ijumaa. Ilikuwa Jumanne.

"Kapinga, tunafunga bitu, tunaenda."

"Mi siendi bado."

"Unangojea nini tena?"

"Yai."

Tshilombo alidhani hakusikia vizuri. Akakaa juu ya kreti. "Bantu banatufukuza, batoto balala chini stesheni, na weye unangojea yayi?"

"Tata Mbelu, sikiliza." Kapinga alikuwa amesimama, mikono kiunoni, kama yuko mbele ya darasa. "Banasema kila kitu tuliiba. Nyumba, kazi, masomo. Mi sitoke hapa na kuku ya nyumba mbili, kesho baseme Kapinga alikimbia na kuku ya bantu. Na kumurudisha siwezi, Blandine si adui yangu. Nitapeleka yayi. Nataka nione kama atataja jina langu. Akikataa, nitajua."

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na sasa lilikuwa limetoka. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa ilimfundisha Tshilombo mahali pa kugonga na mahali pa kuacha.

"Mpaka Alhamisi," akasema. "Alhamisi jua likiwa juu, yayi iko ao haiko, tunaenda."

Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Mamzeli alikula, akatembea, akaoga vumbi, hana habari na mtu. Kapinga alikwenda bandani mara hamsini. Alimpapasa, akamwomba, akamtishia. Alimtengenezea kiota cha majani makavu kwenye sanduku la samaki, akalitandikia kitambaa cha mezani alichokidarizi mwenyewe. Mamzeli alilitazama sanduku, akaliendea haja kubwa.

Alhamisi asubuhi mvua iliacha mapema. Mizigo ilikuwa imefungwa, imebaki karai moja la nguo zilizopigwa pasi, na juu yake koti la Tshilombo la kwendea misa. Kapinga akamfungulia Mamzeli, na pale pale akaona kuna kitu. Kuku hakugusa pumba. Kishungi chake kilikuwa chekundu pyuu, kama kimepakwa rangi. Anatembea, anasimama. Anaingia ndani ya nyumba, anatoka. Analalamika kooni, kooo, kooo, koo, kama mtu anayehesabu makosa ya mkwewe. Kapinga alipomgusa mgongoni, Mamzeli akachuchumaa ghafla, mabawa yakatawanyika, akatetemeka.

"Mamawe! Tata Mbelu, kuja! Kuku inakufa!"

Mwezi ule kideri kilikuwa kimefagia kuku wa barabara ya nyuma, wamekufa wakiinama hivyo hivyo. Kapinga akaona ni hicho. Akamtia Mamzeli kijiko cha mafuta ya mawese mdomoni. Mamzeli akayatema juu ya kitenge. Akamfunika na taulo. Mamzeli akatoka chini ya taulo na kuanza upya kulalamika na kuzunguka, akachungulia chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya ndoo.

"Anatafuta pa kufia," Kapinga akasema, na machozi yakamtoka. Mwanamke yule hakulia siku fuaye ilipofungwa, hakulia walipomwita mdudu dukani mbele ya watu. Sasa alilia kwa ajili ya kuku.

Tshilombo akanoa kisu. Alifanya haki yake, nani alaumu? Kuku mgonjwa unamchinja kabla hajafa mwenyewe, angalau watoto wale nyama stesheni. Wakamtoa nje, upande wa nyuma, karibu na ua. Kapinga akamshika mabawa na kugeuza uso. Tshilombo akakanyaga miguu.

"Weye! Mama Kapinga! Acha ile kuku!"

Sauti ilitoka nyuma ya bati, kali, ya mtu aliyejizuia mpaka ameshindwa. Tshilombo alishtuka, kisu nusura kimwangukie mguuni.

"Haigonjwi!" Blandine alipiga kelele. Jicho lake moja lilionekana kwenye tundu la msumari. "Inatafuta mahali ya kutaga! Unaona kile kishungi? Unaona vile inainama? Yesu wangu, muntu mwenye kufundisha keki miaka yote ile, hajue kuku yenye yayi ndani! Munataka kuchinja yayi!"

Kapinga alimwachia Mamzeli kama aliyeshika kaa la moto.

"Sasa nitafanya nini?" akauliza bati.

"Hakuna! Muache! Tokeni pale, mumupe mugongo. Kuku haitage mbele ya bantu, iko na haya kuliko weye." Halafu, chini chini: "Minakuona kila siku unafungua ile banda. Mara hamsini kwa siku! Ata mi nisingetaga."

Kapinga alicheka. Machozi bado yanashuka, na anacheka, mkono mdomoni. Alitaka kusema kitu kingine kwa lile jicho la kwenye tundu, lakini upande wa pili mlango uligongwa na jicho likaondoka.

Basi Mamzeli akaingia ndani, nao wakakaa kizingitini, mume na mke, wameipa nyumba mgongo, wanatazama barabara kama wanaongoja daktari atoke chumbani. Tshilombo bado ana kisu mkononi, akakificha chini ya paja. Ndani walisikia kucha sakafuni. Walisikia kitu kinakwaruzwa. Kisha hawakusikia kitu. Jua likapanda. Tshilombo alitazama jua, akatazama mke wake, akanyamaza, na kwa kunyamaza kule Kapinga alimpenda upya.

Ghafla nyumba ikalipuka. Ko-ko-ko-kokooo! Ko-ko-ko-kokooo! Mamzeli alitoka mlangoni amenyoosha shingo, anatangazia kambi nzima, anapiga hatua kama mke wa gavana. Waliingia wakigongana. Kiotani hamna. Chini ya kitanda hamna. Lilikuwa karaini, juu ya koti la misa, kwenye kishimo alichokitengeneza kwa kifua chake: yai dogo, la rangi ya chai ya maziwa, lina uzi mmoja wa damu, na joto.

"Tumetaga!" Tshilombo akapaza sauti. "Kapinga, tumetaga!" Alilishika kwa vidole vyake vya fundi, akaliweka shavuni, akacheka kicheko ambacho hakikusikika tangu alipofukuzwa langoni. Koti lilikuwa na alama ya damu na matope, wala hakulitazama.

Kapinga alilipokea. Mayai aliyoyavunja hayana idadi, na hili aliogopa kulikunjia vidole. Lilikuwa jepesi. Kilichomjaa kifuani kilikuwa fahari tupu, ile ya mtu aliyeona mtoto wake anasoma jina lake mwenyewe ubaoni. Akamwita kuku, akamwinamia, akamwambia, "Madamu. Tangu leo weye ni Madamu."

"Umupitishie pa bati," Tshilombo akasema. "Louis iko pale kona."

"Mlango wa mbele," Kapinga akajibu. "Njo sheria."

Akaoga. Ndiyo, akaoga! Akafungua mzigo uliokwisha kufungwa, akatoa kitenge cha Pasaka, kilemba chake, viatu vya kisigino. Akaweka yai juu ya sahani nyeupe, katikati ya kitambaa kilichokunjwa. Akatoka katikati ya barabara, shingo wima, mwendo ule ule wa sinia.

Kutoka mlango wake mpaka wa Blandine, kwa barabara, ni hatua arobaini. Watu walitoka vibarazani. Pale kona maneno yalikatika. Louis akashuka kwenye daraja la mtaro, akasimama mbele yake na mikono mfukoni.

"Unapeleka nini kwetu?"

"Yai."

"Kitu ya muKasai haingie mu nyumba yetu."

Kapinga alimtazama kwanza kichwani, akashuka mpaka kwenye ndala zake, akarudi juu.

"Louis," akasema, "kofia uliyobatizwa nayo niliifuma mi. Mama yako alikuleta fuaye na homa, nikaipima pa kichwa yako hii. Uliivaa. Haikukuunguza. Sasa nipishe, yai linapoa."

Mtu mmoja kibarazani aliguna. Mwingine akacheka, akajifanya amekohoa. Kapinga hakungoja jibu la Louis. Alipita.

"Hodi."

Kimya. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi, Mama Blandine."

Kimya tena. Nyuma yake alimsikia Louis anacheka. Kapinga alitazama mbao za mlango. Kuropoka nyuma ya bati ni kitu kimoja. Kufungua mlango mbele ya barabara nzima, na shemeji yako amesimama pale, ni kingine, na yeye alilijua hilo tangu mwanzo. Alijiambia kwamba ataita mara ya tatu, si zaidi, na kwamba jibu lolote atalibeba bila kuinama.

"Hodi."

Kitasa kikageuka. Blandine alitokea, anahema, amevaa kitenge cha harusi ya mdogo wake, kilemba kimefungwa kombo.

"Samahani," akasema. "Nilikuwa ninatafuta kilemba. Haufungue mulango ya kitu kama hii kichwa wazi."

Akapiga goti. Akanyoosha mikono miwili, akapokea sahani, akasimama, akalishika yai na kuliinua juu mpaka walio kona wakaliona. Alivuta pumzi. Sauti yake mwanzo ilikwaruza, kisha ikafunguka, ikawa ile sauti ya mashambani inayovuka mto:

"Yayi hii inatoka ku nyumba ya Kapinga! Kapinga muke ya Tshilombo, jirani yangu, miaka kumi na munane! Aliileta na mukono yake, mi naipokea na yangu. Kuku ni ya Kapinga. Ni yake. Muntu asiseme tena!"

Akapiga vigelegele, peke yake, mara moja. Halafu kutoka kibaraza cha tatu mwanamke mwingine aliyejifunza keki kwa Kapinga akamwitikia, na mwingine nyuma ya ukuta ambaye hakuonekana sura.

"Shemeji, unatutia haya!" Louis akapiga kelele.

"Haya iko kwako, ubaki nayo," Blandine akamjibu bila kugeuka. Alikuwa anamtazama Kapinga, na midomo inamcheza. Hawakukumbatiana, hapakuwa mahali. Blandine alimrudishia sahani, na vidole vyake vikashika vidole vya mwenziwe chini ya sahani, vikabana, vikabana sana, halafu mlango ukafungwa.

Kapinga alirudi kwa hatua zile zile arobaini. Tshilombo alikuwa amesimama mlangoni, koti lenye doa limening'inia mkononi.

"Alipokea?"

"Alipokea."

"Na jina?"

"Haukusikia? Kolwezi yote ilisikia." Akavua viatu vya kisigino, akavaa ndala za safari. Akamwita Madamu, akamshika, akamfunga mguu kwa utepe wa aproni yake ya fuaye na kumweka ndani ya kikapu, kichwa nje.

"Kumbe tunaenda naye?" Tshilombo akauliza. "Nilifikiri utamwachia Blandine, ju ya njia kuwa ndefu."

"Nimwache?" Kapinga alimtazama kama mwanafunzi aliyesahau chumvi. Akajitwisha kikapu, akanyoosha shingo. "Nyumba ilikuwa ya Kampuni. Kazi ilikuwa ya Kampuni. Mji, banasema ni yao. Kuku ni yangu, bashahidi bako. Beba karai, tuende."